Fimbo ya kuazimwa

Nilipompeleka mpwa wangu kuanza Senior One, kidato cha kwanza hapa Uganda, langoni walimkagua kama mtu anayevuka mpaka wa Malaba. Karatasi rimu mbili, fagio mbili, jembe, ndoo, jerikeni, karatasi za chooni dazeni nzima. Godoro lilibonyezwa kila kona. Sanduku la bati lilipekuliwa hadi chini, soksi zikageuzwa ndani nje, na kopo la karanga za kusaga likatumbukizwa kijiko katikati, maana wazazi wa siku hizi wana hila na simu hufichwa popote. Ilipita saa nzima. Nilipofika mbele ya mwalimu aliyekuwa akiandikisha, niliuliza swali moja tu: usiku, taa zikishazimwa, ni mtu mzima yupi anayelala katika bweni la hawa wadogo?

Mwalimu akatabasamu, kama mtu aliyekwisha kuwazoea wazazi wenye wasiwasi. "Usihofu, mzee. Tuna viranja wazuri sana."

Hakuwa na nia mbaya. Alikuwa akijivunia viranja wake, na pengine kweli ni wazuri. Lakini jibu lake limenikaa kichwani, kwa sababu lilikuwa limebeba maelezo ya karibu kila msiba wa uonevu bwenini tunaousikia na kuusahau. Kuanzia prepu, masomo ya jioni, inapokwisha hadi kengele ya alfajiri, mtoto wa miaka 13 yuko mikononi mwa mtoto wa miaka 18, na shule inaliona jambo hilo kuwa ndio mpango wenyewe. Hailioni kuwa pengo.

Niseme ninapotokea. Nilikulia kambi ya polisi, mahali ambapo Kiswahili kilikuwa lugha ya bombani, ya mpira wa matambara na ya ugomvi wa akina mama. Nilipopelekwa shule ya bweni huko Buganda, Kiswahili changu kilitangulia kushuka kwenye basi kabla yangu. Kwa wazee wengi wa kule, hiyo ni lugha iliyokuja na bunduki: lugha ya askari wa kizuizini, lugha ya mwizi anayegonga mlango saa nane za usiku. Watoto wao walikuwa wameirithi hofu hiyo ikiwa imegeuka kichekesho. Wakubwa wa bweni wakanibatiza Afande. Kila usiku baada ya prepu nilisimamishwa katikati ya vitanda nikiwa na chupi tu, nikaamrishwa kwata: mguu sawa, mguu pande, kulia geuka, mbele tembea mpaka kwenye ukuta na uendelee kutembea. Bweni zima lilicheka hadi likachoka.

Hawakunipiga sana, na nitakuwa mwongo nikijifanya mhanga mkubwa. Kilichonipata ni kuionea haya lugha yangu. Miaka mingi ilipita sikumjibu mama kwa Kiswahili mbele za watu. Mwaka wa pili waliniacha. Mwaka wa tatu nilikuwa nimeshapata kitanda cha chini, pamoja na mtoto wa Senior One wa kuniletea maji ya kuoga. Jina lake silikumbuki. Hilo linanisumbua kuliko kwata yote niliyopigishwa.

Mzaha wa wanafunzi upo na hautakwisha. Hata watani wa makabila wangekufa njaa kama kila neno la kejeli lingekuwa kosa. Dan Olweus, mtafiti aliyeongoza kampeni ya kwanza ya kitaifa dhidi ya uonevu shuleni kule Norway mwaka 1983 baada ya wavulana watatu kujiua, aliweka mizani ambayo bado inatumika: kitendo ni cha makusudi, kinarudiwa, na nguvu za pande mbili hazilingani. Hilo la tatu ndilo la kuangalia. Wawili wanaotoshana wakizozania ndoo, huo ni ugomvi. Mmoja akiwa na funguo za bweni, orodha ya wachelewaji, ruhusa ya kutoa adhabu na kitanda kilichozungushiwa pazia, na mwingine hana hata haki ya kujibu, hapo nguvu hazikupotea usawa kwa bahati mbaya. Kuna mtu aliyezigawa hivyo.

Na historia ya mgao huo inajulikana. Shule ya Namilyango ilianzishwa 1902, Gayaza 1905, Budo 1906, na wamisionari waliozianzisha walikuja na sura ya shule za bweni za kwao Uingereza: nyumba zenye majina, wakubwa wenye vyeo, na mdogo kumtumikia mkubwa kama sehemu ya malezi. Mfumo huo ulikuwa na uzuri wake, sikatai. Ulifundisha uongozi. Zaidi ya yote ulikuwa rahisi kugharimia. Waingereza walipokosa watu wa kuitawala mashariki ya nchi hii walimtumia jemadari Semei Kakungulu na maajenti wake wa Kiganda; wao wakakaa mbali na kusubiri ripoti. Bweni linaendeshwa vivyo hivyo. Mkuu wa shule ni gavana, patroni, mlezi wa bweni, ni kamishna wa wilaya anayepita na tochi mara moja kwa juma, na kiranja ndiye ajenti anayekusanya kodi. Kodi yenyewe ni sukari, maandazi, maji ya kuoga, na heshima. Watu wa Bukedi, huko mashariki, wanayo kumbukumbu ya utawala wa namna hiyo. Ajenti hakuulizwa alivyokusanya, mradi kodi ilifika.

Ndiyo maana nasema fimbo ya kiranja ni ya kuazimwa. Mwenye mali ni shule. Tunapojadili sheria, swali langu la kwanza si mtoto huyu aliyepiga afanywe nini. Nauliza nani alimwazima.

Madhara tunayajua zaidi ya tunavyokiri. Mengi hayafiki magazetini: mtoto anayekojoa kitandani akiwa na miaka 14, anayeugua tumbo kila Jumapili jioni likizo inapokaribia kwisha, anayehamishwa shule tatu katika miaka miwili na kila mara baba anaambiwa "hajatulia". Wapo waliopoteza jicho au sikio kwa kofi la usiku. Wapo waliopoteza uhai, na katika vifo hivyo vipo vya mikono ya wengine na vipo vya mtoto aliyeona hakuna mlango mwingine wa kutokea. Siandiki majina. Wazazi wao wamekwisha kutajwa vya kutosha.

Kuna dhara jingine tunalolisahau, la kisasi. Mei 1999, huko Nyeri nchini Kenya, wanafunzi waliwafungia viranja 4 chumbani mwao usiku, wakamwaga petroli na kuwasha. Wote wanne walikufa. Tuliozoea kumwona kiranja kama mwonevu hatukujua tuiseme vipi habari ile. Mimi naisoma hivi: shule ilipowapa wale vijana kazi ya watu wazima, iliwapa pia maadui wa watu wazima, bila kuwapa ulinzi wowote. Anayeazimwa fimbo naye yuko hatarini.

Kwa takwimu, uchunguzi wa kitaifa wa ukatili dhidi ya watoto uliotolewa na Wizara ya Jinsia mwaka 2018 uliwauliza vijana wa miaka 18 hadi 24 kuhusu utoto wao: asilimia 59 ya wanawake na 68 ya wanaume walisema walifanyiwa ukatili wa mwili kabla ya kutimiza miaka 18. Hizo ni pamoja na nyumbani na mitaani. Kwa upande wa shule peke yake, utafiti uliofanywa katika shule 42 za msingi wilayani Luwero ulikuta zaidi ya asilimia 90 ya watoto walikuwa wamewahi kupigwa na mfanyakazi wa shule. Wafanyakazi hao si wanafunzi wenzao. Narudia, kwa sababu ndipo kisa kinapoanzia. Mtoto anayeona mwalimu akimaliza hoja kwa kiboko saa nne asubuhi, usiku ule ule anamaliza hoja yake bwenini kwa namna aliyofundishwa. Na kabla ya kiboko kuna ile ya kumvisha mtoto gunia au mfupa shingoni kwa kuongea lugha ya mama yake, akae nao hadi amnase mwenzake aliyeteleza naye amvishe. Nani aliwafundisha watoto kudhalilishana kwa zamu, kama si shule yenyewe?

Habari njema ya Luwero ni kwamba mradi wa shirika la Raising Voices uliojaribiwa humo ulipunguza ukatili wa walimu kwa asilimia 42 katika miezi 18, na matokeo yake yalichapishwa mwaka 2015. Haukuwa mradi wa polisi. Walimu, wanafunzi na wazazi walikaa pamoja kurekebisha namna shule inavyotoa adhabu na sifa. Kwa hiyo mtu asiniambie kwamba "ndivyo watoto wa Kiafrika wanavyolelewa". Luwero ni Afrika.

Sasa sheria. Uganda haina sheria mahususi inayoutaja uonevu wa wanafunzi kwa jina lake, na kila msiba ukitokea husikika sauti za kutaka itungwe, tena kali. Napenda tuanze kwa kusoma zilizopo, maana si chache. Katiba ya 1995 inakataza utesaji na matendo ya kudhalilisha utu, na inalihesabu katazo hilo miongoni mwa machache yasiyoruhusu kisingizio chochote. Sheria ya Watoto ilipofanyiwa marekebisho mwaka 2016 ilisema kila mtoto ana haki ya kulindwa na ukatili wa kila namna, wa mwili na wa hisia, na ikapiga marufuku adhabu ya viboko shuleni: mtu mwenye mamlaka katika taasisi ya elimu akimchapa mtoto anaweza kufungwa hadi miaka 3.

Simameni hapo kidogo. "Mtu mwenye mamlaka." Waliotunga walimfikiria mwalimu, bila shaka. Lakini kiranja aliyesomewa jina lake paredi, akavishwa beji na mkuu wa shule na kupewa jukumu la kuadhibu wachelewaji, hayo si mamlaka? Na kama shule itajitetea kwamba kiranja ni mwanafunzi tu, basi ieleze kwa nini mwanafunzi tu alikuwa na haki ya kuwapigisha magoti wenzake. Jibu lolote kati ya hayo mawili linairudisha shule kizimbani. Mawakili wetu wangeweza kulisukuma swali hili mbele zaidi kuliko walivyofanya.

Iko pia Sheria ya Kuzuia Utesaji ya mwaka 2012, ambayo wengi hudhani ni ya wanajeshi na nyumba za siri. Si hivyo. Sheria hiyo haimhusu afisa wa serikali peke yake. Inamgusa hata mtu binafsi, na adhabu yake ya kawaida inafika miaka 15 jela, na utesaji ukikithiri, kifungo cha maisha. Tena inamfuata mkubwa wa kazi aliyejua kwamba walio chini yake wanatesa na asichukue hatua. Sisemi kila kofi la bweni ni utesaji. Sheria inadai maumivu makali na kusudi. Lakini kumning'iniza mtoto, kumchoma kwa pasi au kumnyima usingizi usiku baada ya usiku ili akome kusema, ukiyafanya hayo katika kituo cha polisi hakuna atakayebishana juu ya jina lake. Mbona bwenini yaitwe utovu wa nidhamu?

Na mtoto mwenyewe aliyetesa? Hapa ndipo hasira ya umma na busara ya sheria zinapoachana njia. Uganda haimshitaki mtoto aliye chini ya miaka 12. Kuanzia 12 hadi 17 anaingia mikononi mwa mahakama ya familia na watoto, ambako sheria haitaki hata yatumike maneno ya kutiwa hatiani. Akiwa chini ya miaka 16 hawezi kuzuiliwa zaidi ya miezi 3. Zaidi ya hapo, miezi 12. Na kwa kosa ambalo mtu mzima angenyongwa, miaka 3. Mahali penyewe ni kituo cha kurekebisha watoto cha Kampiringisa, kule Mpigi. Mzazi aliyemzika mwanawe akisikia "miaka 3" anaona ametukanwa, na sina neno la kumwambia. Hata hivyo siamini kwamba kuirefusha miaka hiyo kungelilinda bweni hata moja. Kijana wa Senior Five anayemlazimisha mwenzake kunywa maji ya kufulia hana kitabu cha sheria chini ya mto. Anahesabu jambo moja tu: kama kuna mtu mzima atakayesikia.

Jambo ambalo hata walimu wengi hawalijui ni kwamba mahakama ya LC ya kijiji, yaani ya baraza la serikali ya mtaa, ina uwezo kisheria wa kusikiliza makosa madogo ya watoto: kupigana, shambulio la kawaida, hata kujeruhi, kuiba, kuharibu mali. Haiwezi kumfunga mtoto. Inaweza kuamuru apatanishwe, aombe radhi, alipe fidia au arudishe alichochukua, aonywe, awekwe chini ya uangalizi hadi miezi 6. Kwa sukari na ndoo na makofi ya bwenini, sioni chombo kinachofaa zaidi. Mtoto anaomba radhi mbele ya wazee, mzazi wake yupo, mzazi wa aliyeonewa yupo, na jambo linaandikwa. Lakini shule ziko ndani ya kijiji bila kuwa za kijiji. Ukuta una vipande vya chupa juu yake. Mwenyekiti wa LC huitwa kuja kukata utepe wa tangi la maji na kula mlo wa mchana.

Badala yake shule hufukuza. Kufukuza kunapendeza sana machoni pa bodi: ni haraka, hakuna karatasi nyingi, na jina la shule linapona. Kijana anachukua barua yake na sanduku lake, muhula unaofuata yuko shule nyingine umbali wa kilomita 40, kifua mbele, na wadogo wa kule hawana habari ni nani kawafikia. Aliyeonewa naye huwa ameshaondoka. Kilichobaki ni bweni lile lile, patroni yule yule na pazia lile lile kwenye kitanda cha kiranja mpya.

Kuna kipengele kimoja kinachonitia hasira kuliko vyote. Katika Kanuni za Adhabu zetu, kujaribu kujiua ni kosa la jinai. Ni urithi wa mkoloni. Chukua mtoto aliyeteswa muhula mzima, akajaribu kujitoa uhai, akawahiwa. Kwa maandishi ya sheria, mhalifu wa wazi kabisa katika mkasa huo ni yeye. Watesi wake itabidi watafutiwe ushahidi. Wa kwake uko kitandani hospitalini. Natarajia hakuna polisi mwenye akili atakayemshitaki, lakini familia inaijua sheria hiyo kwa tetesi, na shule inaijua, na ndiyo sababu jambo linaitwa "malaria kali" na kuzikwa hapo hapo. Januari 2025 Mahakama Kuu ya Kenya ilitamka kwamba kosa la namna hiyo katika sheria yao linakwenda kinyume na katiba. Sisi tunasubiri nini?

Na kwa yule ambaye hakuwahiwa, sheria imeweka saa nyingine. Wategemezi wanaotaka kudai fidia ya kifo kilichosababishwa na uzembe wana miezi 12 tangu siku ya kifo kufungua kesi. Hesabu kwa kalenda zetu: mazishi, matanga, ujumbe wa shule unaokuja na bahasha ya rambirambi na kwaya, polisi wanaosema faili linaendelea, wazee wanaosema tusiharakishe, ripoti ya daktari inayotafutwa ofisi hadi ofisi. Mama anapopata nguvu ya kuuliza "ilikuwaje?" mwaka umekwisha.

Wenzetu duniani wamejaribu njia mbili. Ufaransa, Machi 2022, iliufanya uonevu wa shuleni kuwa kosa la jinai linalojitegemea. Mhanga akijiua au kujaribu kujiua, adhabu inafika miaka 10. Ni sheria yenye meno yanayoonekana mbali. Japani ilipita kwingine. Oktoba 2011, mjini Otsu, mvulana wa miaka 13 alijiua, na ikaja kufichuka kwamba wanafunzi wenzake walieleza aliyofanyiwa kwenye dodoso la shule yenyewe baada ya kifo, wakuu wakalifungia kabatini. Hasira ya nchi haikuwaendea watoto waliomwonea peke yao. Iliwaendea pia waliofunga kabati. Sheria iliyopitishwa mwaka 2013 inaibana shule: iwe na mpango wake wa maandishi, iwe na kamati ya kudumu, na tukio zito lichunguzwe na kuripotiwa juu. Mtu akitazama takwimu atashtuka, kwani mwaka wa masomo wa 2023 shule za Japani zilihesabu zaidi ya matukio 730,000. Wengine husema hiyo ni dalili ya kushindwa. Mimi naona nchi iliyoacha kufungia madodoso. Sisi tunayo idadi yetu pia, ila imo vifuani mwa watoto.

Ninachagua njia ya Japani, na sababu ni ile ya fimbo. Wizara ya Elimu tayari ilitoa mwongozo mwaka 2014 kuhusu kuripoti, kufuatilia na kushughulikia ukatili shuleni. Ni mwongozo mzuri. Lakini mwongozo ni kama tangazo la "usiteme mate hapa". Anayetema hajui ubaya wake mpaka apatikane mwenye kumdai. Ufanywe sheria. Shule ya bweni isipate kibali bila kuonyesha jina la mtu mzima anayelala katika kila bweni, mwenye mshahara, si mwalimu mchovu anayefundisha tangu saa moja asubuhi. Daftari la matukio likaguliwe na afisa wa elimu wa wilaya kama yanavyokaguliwa mahesabu ya karo, na daftari tupu limtie mkaguzi shaka badala ya kumfurahisha. Kiranja aongoze usafi, ibada na mpira, lakini adhabu isitoke mkononi mwake hata moja, hata ile ya kuokota majani.

Wakuu wa shule watasema hawana fedha. Wa serikali watanikumbusha kwamba nafasi za kuajiri zina kikomo na kwamba karo imewekewa mpaka. Wana haki, na hesabu hiyo iende Wizara ya Fedha. Wa shule za binafsi zenye basi jipya na bango la waliofaulu lenye ukubwa wa nyumba, hao sitawasikiliza.

Na wapo wanafunzi wa zamani, rika langu, watu wenye vitambi na vyeo, watakaosema: nasi tulipitia hayo hayo, yakatujenga. Nimekaa nao sana. Nikiwaangalia wanavyomfokea mhudumu wa hoteli kwa kuchelewa na soda, naona kweli kuna kitu kilijengwa. Walioshindwa kujengwa hawaji kwenye mikutano ya wanafunzi wa zamani, kwa hiyo ushahidi wao hatuusikii.

Serikali ilianzisha namba ya simu ya bure ya kuripoti ukatili dhidi ya watoto, 116, na ikaipa jina la Kiswahili: Sauti. Nilifurahi nilipoisikia, kwa sababu zangu za Afande. Ni namba ya kweli na inasaidia. Mzazi unayesoma hapa na una wasiwasi juu ya mwanao, ipige leo. Lakini rudini langoni pale, kwenye kijiko kilichozama katika karanga za kusaga. Mtoto wa bweni hana simu. Akitaka kupiga Sauti itabidi aombe simu ya matroni au ya ofisini, aeleze anampigia nani na kwa nini, tena huenda aombe ruhusa hiyo kupitia kiranja. Simu moja ya mezani iliyofungwa ukutani karibu na maktaba, inayopiga 116 peke yake, ingegharimu kiasi gani? Chini ya lile bango, nadhani.

Siku ya kutembelewa nilikwenda na dada yangu. Tulibeba kuku, gonja na soda, tukaketi chini ya mwembe kama familia nyingine zote. Mpwa wangu alikuwa amekonda kidogo, jambo ambalo mama yake alilisema mara tatu na mimi sikulisema. Alikula haraka, huku anatazama nyuma. Nikamuuliza masomo, akasema mazuri. Nikamuuliza ile sukari kilo nne tuliyomwachia kama bado ipo au tumwongezee.

"Ipo, mjomba," akasema. "Kiranja ananitunzia."